Tukihama, Nani Atawapokea Watoto Wetu?

Hotuba kwa wazazi wanaosomesha watoto nyumbani, Kampala. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mwenyekiti wa mkutano, wazee wetu, mama zangu, baba zangu, wazazi wenzangu, na ninyi watoto mlioketi mkekani hapa mbele: hamjambo? Ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Ndugu zangu Wakristo, Bwana asifiwe.

Nashukuru kwa kuniruhusu kusema Kiswahili. Mimi ni Msamia wa Busia, mume wangu ni Mwaluri wa Nebbi. Kiswahili ndiyo lugha tuliyokutana nayo, na ndiyo tuliyolelea watoto wetu watatu.

Nimeombwa nizungumzie kuhama nyumba, kwa familia inayosomesha watoto wake yenyewe. Tangu niingie ukumbini humu watu wanne wameshanivuta pembeni, na wote wana swali moja: masomo yasimame siku ngapi? Nitalifikia swali hilo. Lakini jambo lililonitoa Jinja alfajiri ni jingine, na naomba nilitangulize.

Mtoto anayesoma shule akihamia mji mpya, Jumatatu ya kwanza hupelekwa shule ya huko. Kuna mwalimu wa kumwita jina. Kuna dawati la kusogezewa, kuna watoto sitini wa kumkodolea macho, na kati ya hao sitini yuko mmoja atakayemwonyesha choo kiko wapi na foleni ya uji inaanzia wapi. Huenda akalia wiki nzima, lakini kuna mahali palipomfungulia mlango. Mtoto wetu sisi akihama, Jumatatu ya kwanza anaamka anakuta ukuta mgeni na mama yule yule. Huko nje hakuna hata mmoja aliyejua kwamba atakuja. Kazi ile ambayo shule huifanya bila kujua kwamba inaifanya, ya kumpokea mtoto, inabaki mikononi mwetu, na sisi tukisahau hakuna mwingine atakayekumbuka.

Mimi nilisahau. Ndiyo habari niliyokuja kuwapa.

Tulianza kusomesha nyumbani kama wengi wenu mlivyoanza. Shule zilifungwa Machi 2020, na zilipofunguliwa zote tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili ilikuwa imepita. Binti yangu mkubwa alikuwa darasa la tatu zilipofungwa. Tulisoma kwa redio, kwa kurasa za masomo za magazeti, na kwa vijitabu vya Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala. Siku ya kurudi ilipofika, mume wangu na mimi tulikaa usiku mzima tukajadili, tukaamua kuendelea. Sababu zetu ni ndefu na si za leo.

Tuliishi Kireka, pembeni mwa Kampala, katika mizigo, ile safu ya vyumba vilivyopakana mnayoijua, mlango kwa mlango, uani kamba za nguo na bomba moja la maji. Vyumba viwili, watu watano. Saa tatu asubuhi nilitandika mkeka ambao mama yangu alinisukia, na mkeka ukishatandikwa shule imefunguka. Nilijiona kuwa mimi ndiye mwalimu. Ngojeni niwaambie nani alikuwa akiwafundisha watoto wangu.

Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa fundi cherehani. Binti yangu alishika futi yake tangu akiwa na miaka minane. Alijua inchi na sentimita, alijua kwamba ukikata kitambaa bila kuacha nafasi ya mshono gauni halimwingii mtu. Pale barabarani palikuwa na mama wa rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, na kijana wangu wa kati alimhesabia trei za mayai kila jioni: mayai thelathini trei moja, yaliyovunjika mangapi, yaliyobaki mangapi, faida iko wapi. Kulikuwa na bibi Mkongo aliyewasimulia hadithi kwa Kiswahili cha Bukavu huku akichambua maharage, na mdogo wangu wa mwisho akaingiza maneno ya huko katika maombi ya chakula. Hao wote sikuwaandika katika ratiba yangu. Nilipochora ratiba niliandika Hisabati, Sayansi, Kiingereza, Maarifa ya Jamii, nikaridhika.

Mwaka 2023 mume wangu, ambaye ni fundi umeme, akapata kazi kiwandani Jinja. Kwa miezi mitatu alikuwa akija Jumamosi usiku na kuondoka Jumapili jioni. Mdogo akaanza kumwita "mgeni". Tukaona bora tuhame.

Habari za kupakia nitazipitisha haraka. Kila mtoto alipewa katoni moja ya vitu vyake, na akapewa daftari aandike kila kinachoingia. Vitabu tulivigawa katika magunia madogo, maana gunia kubwa la vitabu halibebeki na watu wawili, na likilazimishwa linapasuka. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo, madaftari ya miaka iliyopita yanayoonyesha mtoto amefika wapi, vyote vilikaa katika mkoba mmoja, na mkoba huo niliubeba mimi mwenyewe mapajani. Kwenye kanta, lile lori la mizigo, haukupanda. Karatasi ya mtoto anayesoma nyumbani ikipotea, hakuna ofisi ya mwalimu mkuu yenye nakala.

Mkeka, kwa bahati mbaya, ulifungiwa ndani ya godoro, godoro likawa chini ya kabati.

Tukapita Mukono, tukapita Lugazi, tukaingia msitu wa Mabira. Najjembe wale vijana wa kuku wa vijiti na gonja, ndizi za kuchoma, wakatuzunguka dirishani, watoto wakala, wakafurahi. Tulipovuka daraja jipya la Nile, lile la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, kijana wangu alipiga kelele hadi dereva akacheka. Mita 525, alikuwa amesoma, na alitaka kuhesabu sekunde. Binti yangu mkubwa hakugeuka kutazama. Alikuwa amekumbatia futi ya rangi ya njano aliyopewa na fundi cherehani asubuhi ile, akilia kimya kimya. Nilimwona. Nikajiambia atazoea.

Nyumba tuliyopanga ipo Walukuba, mtaa wa nyumba za wafanyakazi uliojengwa zama za viwanda. Ni nyumba nzuri kuliko ile ya Kireka. Ina vyumba vitatu, ina ua wake, ina mwembe. Nilipouona ule mwembe nilisema hapa ndipo shule. Tulifika Ijumaa. Jumatatu saa tatu kamili niliwakalisha watoto juu ya katoni, nikafungua kitabu cha Hisabati ukurasa ule ule tulioachia Kireka.

Nilikuwa na hofu, ndugu zangu. Nilikuwa naogopa tukisimama hatutaweza kuanza tena. Nilikuwa naogopa shemeji zangu, ambao walishasema kwamba watoto hawa wataharibika. Nilitaka mume wangu akirudi jioni akute shule inaendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Mama, kama leo unahama na una hofu ya namna hiyo, nakuelewa kabisa. Lakini kwa watoto lilikuwa limetokea jambo kubwa kuliko yote ya maisha yao, na mimi nilikuwa nawaonyesha sehemu na desimali.

Wa kati alikuwa mkorofi wiki nzima. Mdogo alianza tena kukojoa kitandani, na alikuwa ameacha tangu akiwa na miaka mitatu. Mkubwa alinyamaza. Hakukataa masomo. Aliandika yote niliyomwambia aandike, mwandiko safi, majibu sahihi, na kwa siku tisa hakusema sentensi yenye maneno zaidi ya manne. Nilihesabu. Ukimya wa mtoto mtiifu ni hatari, kwa sababu haukusumbui.

Siku ya kumi akaja mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mzee wa watu, mpole, amevaa koti juani. Akasimama mlangoni akasema, "Mama, karibuni mtaani kwetu. Majirani wamekuja kwangu. Wanasema hapa kuna watoto watatu wanaonekana nyumbani saa nne asubuhi, siku za shule. Kama ni karo, kuna watu wako tayari kuchanga."

Nilitaka kukasirika. Leo namshukuru Mungu kwamba sikukasirika. Mzee yule alikuwa anafanya kazi yake, na majirani wale, ambao sikuwa nimewapa hata salamu, walikuwa wamekaa wakazungumza namna ya kuwalipia karo watoto wasiowajua. Na ana haki ya kuuliza. Ibara ya 34 ya Katiba yetu inasema elimu ya msingi ni haki ya mtoto, na ni wajibu wa Dola na wa wazazi wake. Sheria ya Elimu ya 2008 inataka kila mtoto apate elimu ya msingi ya miaka saba, kuanzia akiwa na miaka sita. Kiongozi wa kijiji anayeona watoto watatu nyumbani asubuhi na kunyamaza, huyo ndiye wa kumlaumu.

Nilimkaribisha. Nikamwonyesha madaftari, yale niliyoyabeba mapajani. Aliyafungua moja moja. Akamwita kijana wangu akamwuliza saba mara nane. Akanywa chai. Kisha akaniuliza swali moja ambalo sijalisahau: "Na jirani yako wa upande huu, unamjua jina?"

Sikumjua.

Barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wetu wa Kireka ilikuwa ndani ya ule ule mkoba, kwa siku kumi. Niliichukua kwa sababu kila anayehama huichukua. Haikunijia akilini kwamba barua ile ilikuwa njia ya kuwapeleka watoto wangu kwa watu. Ningeipeleka Jumamosi, siku ya pili tu, nikiwa na watoto watatu wamenawa uso, nikasema: hawa ni wanangu, wanasomea nyumbani, saa tatu mpaka saa saba wako mkekani, baada ya hapo wako huru, mkiwaona mnajua ni wa nani. Dakika kumi zingenitosha.

Jioni ile tulikwenda nyumba kwa nyumba. Nne kulia, nne kushoto, tatu ng'ambo. Watoto wakajifunza kusema kodheyo, maana tumeingia Busoga, na mtu aliyetoka Kireka na Luganda chake ataelewa Lusoga kwa sehemu kubwa lakini salamu lazima aianze upya. Hili linanigusa sana, naomba niliseme. Mtaala wetu unataka mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu afundishwe kwa lugha ya mahali alipo. Mtoto wa shule akihama kutoka Buganda kwenda Busoga, au Teso, au Acholi, analazimika kuipata lugha hiyo, apende asipende, kwa sababu mwalimu anaongea hiyo. Wetu hawalazimiki. Wanaweza kuishi Jinja miaka mitano na Kiswahili chao na Kiingereza chao cha vitabuni, na wasijue namna ya kumpa pole mtu aliyefiwa hatua kumi kutoka mlangoni kwao. Sisi tulimwomba mama mmoja muuza mihogo awe anawasemesha watoto Lusoga tu, na asikubali kuwauzia wakimjibu kwa Kiswahili. Alikubali, na msimamo wake ni mkali.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilikuwa naisikia methali hiyo kama onyo kwa mgeni mvivu. Siku hizi naisikia kwa sikio la mtoto. Mtoto aliyehama hatulii kwa kuambiwa karibu. Hutulia siku atakapopewa kazi na mtu asiye mama yake. Kijana wangu aliacha ukorofi siku jirani wa kulia, mzee mstaafu wa kiwanda cha nguo, alipomwita amsaidie kukarabati banda la kuku. Mzee yule alikuja Jinja kijana kutoka upande wa Kenya, akakuta viwanda vinavyokula umeme wa bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa mwaka 1954. Kiswahili chake ni cha kiwandani, na kwa Kiswahili hicho alimfundisha mwanangu uzi wa mtande na uzi wa mshindio, akitumia mafunjo aliyoyakata ziwani. Walisuka kipande cha ukubwa wa sahani. Mtoto aliyekuwa amenigomea Hisabati alihesabu nyuzi mia moja na ishirini bila kuinua kichwa.

Mkubwa alichukua muda zaidi.

Jumamosi moja baba yao aliwachukua wote watatu wakaenda Masese kununua samaki. Wakati wanangoja mitumbwi, mvuvi mmoja akaanza kusimulia, kama wavuvi wanavyosimulia, habari za kile kisiwa. Wengi wenu mnakumbuka. Aprili 2020, maji ya ziwa yalikuwa yamepanda sana, na pande kubwa la mafunjo na udongo likang'oka ufukweni, likaelea, likaenda kukwama kwenye mitambo ya umeme, na tarehe 14 Aprili nchi karibu yote ikazimika. Mwezi uliofuata ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita hata rekodi ya 1964. Mvuvi alionyesha kwa mkono: lilipita hapa, likazunguka kule, tulilifuata kwa mitumbwi tukipiga kelele.

Binti yangu akasema, "Ndiyo maana."

Baba yake akamwuliza, ndiyo maana nini? Akasema, na hapo maneno yakamtoka kama bomba lililozibuliwa: siku ile, Kireka, tulikuwa tumefungiwa ndani kwa sababu ya korona, redio ilikuwa inatoa somo, umeme ukakatika somo likiwa katikati, mama akasema ni Yaka, umeme wa kulipia kabla, imeisha, akaenda kununua tokeni, kumbe haikuwa Yaka, na fundi cherehani akatoka nje akauliza kila mtu kama kwao pia hakuna, na kwao pia hakukuwa. Ilikuwa ni hapa, akasema. Ilitokea hapa.

Mume wangu aliporudi alinisimulia akiwa amesimama na samaki mkononi, hakuwaweka hata chini. Usiku ule binti yetu alichora ramani. Alichora ziwa, alichora mto unavyotoka, bwawa, nguzo za umeme, barabara ya Kampala, na mwisho wa waya akachora safu ya vyumba vyenye kamba za nguo. Kulikuwa na waya mmoja kutoka nyumba yake mpya hadi nyumba yake ya zamani. Kwa wiki sita nilikuwa nikimwambia asahau Kireka ili aipende Jinja. Yule mvuvi, bila kujua, alimwonyesha kwamba hakuhitaji kusahau.

Kesho yake aliniomba nauli ya posta. Alimwandikia barua fundi cherehani. Nikagundua kwamba katika haraka zangu za kufunga mizigo sikuwa nimewapa watoto nafasi ya kuaga ipasavyo. Walipunga mikono dirishani tu. Wazazi wenzangu, kabla kanta haijaja, wapeni watoto siku nzima ya kuaga. Waende kwa kila aliyewafundisha kitu, hata kama ni mama wa rolex. Wamshukuru kwa jina la kile alichowafundisha. "Asante kwa kunifundisha kuhesabu mayai." Mtu mzima akiambiwa hivyo na mtoto, hamsahau mtoto huyo.

Sasa nije kwenye swali lenu: masomo yasimame siku ngapi?

Kwa maoni yangu wiki mbili bila vitabu hazimwui mtu, na wiki tatu kwa mtoto aliye chini ya miaka saba si kitu. Lakini msisimamishe vyote. Kuna jambo moja katika kila nyumba ambalo watoto hulitambua kama shule, kwetu ni mkeka. Kwenu inaweza kuwa sala ya asubuhi, au hadithi ya kabla ya kulala, au ule wimbo mnaoanza nao. Hilo lifanyike siku ya kwanza, hata kama mnalala kati ya magunia. Kama mkeka wetu ungekuwa mapajani mwangu pamoja na mkoba, ningeutandika Ijumaa ile ile, tukakaa, tukasimuliana safari, tukaukunja. Ingetosha kwa siku kumi. Kitabu cha Hisabati kingengoja.

Swali la pili ni la nyumba yenyewe. Mkizungumza na mwenye nyumba au dalali, msifiche kwamba watoto watakuwa nyumbani kutwa nzima. Najua kwa nini watu hulificha. Nyumba ni ngumu kupata, na mwenye nyumba akisikia watoto watatu asubuhi hadi jioni anawaza kelele, maji, na kuta zilizochorwa. Lakini mkataba wa kuficha unawaweka watoto katika hali ya kunyamazishwa kila siku. Semeni mapema, na mwandike katika mkataba. Na mnapokagua nyumba, nendeni saa nne asubuhi, saa ambayo mtakuwa mnasoma. Jioni kila mtaa ni mtulivu kwa namna yake. Saa nne ndipo utajua kama jirani ana mashine ya kusaga, kama mwanga unaingia bila kuwasha taa, na kama kuna kivuli uani. Kwa bei ya umeme, chumba kinachohitaji taa mchana ni gharama ya kila mwezi.

La tatu ni zito, na hapa nataka wenye watoto wa darasa la sita na la saba wanisikilize vizuri. Mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, haufanyiki nyumbani. Mtoto huandikishwa kwenye shule yenye namba ya kituo cha UNEB, baraza la taifa la mitihani, na uandikishaji hufanyika miezi mingi kabla ya ile wiki ya Novemba. Akishaandikishwa Kampala, mtihani wake uko Kampala, hata kama kitanda chake kimehamia Arua. Kama mtahama katika mwaka wa mtihani, hameni kabla ya kuandikisha, au ngojeni mpaka baada ya Novemba. Kama hamwezi kungoja, tafuteni mapema ndugu wa kumpokea mtoto siku mbili za mtihani, karibu na kituo, ili asiamke saa tisa usiku kupanda taksi. Sisi tulihama binti yetu akiwa darasa la sita, kwa hiyo tulipata mwaka wa kutafuta shule Jinja iliyokubali kumwandikisha. Shule ya kwanza ilikataa, na ya pili pia. Ya tatu ilikubali, na aliyezungumza na mwalimu mkuu kwa niaba yetu ni yule yule mwenyekiti wa LC1 mwenye koti, aliyekuwa ameona madaftari kwa macho yake. Binti yetu alifanya mtihani mwaka 2024, masomo manne, siku mbili, katika chumba chenye watoto ambao nusu yao alikuwa akiteka nao maji bombani.

Kuna mama ameniuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, afanyeje kama wanahama kila mwaka kwa sababu ya kodi, na kila mara ni chumba kidogo zaidi. Dada yangu, sikuona vyema kukujibu mlangoni. Kuhama kwa hiari na kuhama kwa kusukumwa si jambo moja, na sitasimama hapa na mwembe wangu nijifanye najua uchungu wako. Ninachoweza kusema ni kwamba uliloniambia mwenyewe, kwamba kila unapohamia unaanza kwa kumtafuta bibi mmoja wa mtaa na kumpelekea watoto wamchotee maji, hilo ni kubwa kuliko yote niliyoyasema mimi leo. Ulilijua kabla yangu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na wewe umewatafutia watoto wako fimbo ya karibu kila mahali ulipofika.

Na kwetu sote tulio humu, nimejiuliza: kama mtoto wa shule hupokelewa na shule, kwa nini watoto wetu wasipokelewe na sisi? Tumetoka Mukono, Entebbe, Wakiso, Jinja, Mbarara. Tumo katika miji mingi, na bado kila familia inapohama inaanza kama ya kwanza duniani.

Mwenyekiti ameniambia kwamba iko familia humu inayohamia Mbale Jumamosi ijayo. Baba, mama, na watoto wanne. Hawajui mtu Mbale. Wamepanga nyumba upande wa Namakwekwe. Nimewaomba ruhusa niwataje, wamekubali.

Nani humu anaishi Mbale, au ana dada, shangazi, rafiki, mtu yeyote Mbale? Inueni mikono, tafadhali, msione haya.

Naona mmoja. Wawili. Yule baba kule nyuma karibu na dirisha, watatu. Asanteni. Mama, simama pamoja na watoto wako, wawaone. Na wewe baba wa dirishani, njoo hapa mbele uwaambie soko liko wapi.